Namba iliyo kwenye chupa: jinsi ya kuchagua na kupaka losheni ya kukinga jua

Wengi wetu tukinunua losheni ya kukinga jua tunatazama namba moja tu, ile ya SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya kuunguzwa na jua: 15, 30, 50 au 50+. Tunapaka matone mawili matatu usoni, tunatoka, na tunaamini tumekingwa kwa kiasi kilichoandikwa. Namba hiyo haikuokotwa, ilipimwa. Ila ilipimwa kwa masharti, na sharti kubwa kuliko yote ni kiasi cha losheni kilichopakwa. Ukipaka robo ya kiasi hicho, chupa ya 50 haikupi 50. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye ngozi, unapita maabara, kisha unarudi kwenye kiganja chako.

Hatua ya 1: Fahamu unajikinga na nini

Pamoja na mwanga tunaouona, jua hutuletea mionzi ya urujuanimno (UV), ambayo macho hayaioni. Huainishwa kwa urefu wa mawimbi yake. UVC, iliyo chini ya nanometa 280, humezwa na angahewa kabla ya kutufikia. UVB ni ya nanometa 280 hadi 315. UVA ni ya 315 hadi 400, na ndiyo takriban 95% ya urujuanimno wote unaogusa ardhi.

UVB ni kidogo lakini ni kali. Huishia zaidi katika tabaka la juu la ngozi, na ndiyo hasa inayoiunguza. Huipiga DNA moja kwa moja na kugandisha pamoja sehemu mbili jirani za utepe wake ambazo hazikupaswa kushikana. Seli zina njia za kurekebisha uharibifu huo, na hufanya kazi hiyo kila siku, lakini haziwahi yote. Kasoro zinazobaki hurundikana mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo saratani nyingi za ngozi huanzia.

UVA haikuunguzi upesi, kwa hiyo huwezi kuihisi. Inazama zaidi, hadi kwenye tabaka lenye kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na huko huzalisha chembe kali za oksijeni zinazochakaza nyuzi za ngozi. Makunyanzi ya mapema na madoa mengi hutokana nayo, na yenyewe pia inachangia saratani. Tena hupita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, wakati UVB nyingi huzuiwa hapo. Mtu anayekaa kutwa karibu na dirisha anapata UVA bila kuungua hata kidogo.

Na sisi wenye ngozi nyeusi? Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, ni kinga ya kweli. Utafiti wa Kaidbey na wenzake wa mwaka 1979 ulionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lilipitisha wastani wa 7.4% ya UVB, na la ngozi nyeupe 24%. Kwa hesabu hiyo, kinga yetu ya kuzaliwa nayo ni kama SPF 13. Ni kitu kikubwa, na ndiyo maana saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni chache zaidi kwetu. Lakini kinga hiyo haizuii madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi, wala melasma, yaani mabaka ya kahawia usoni, ambayo huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana. Anayetumia krimu ya kung'arisha ngozi amepunguza kinga hiyo kwa mkono wake mwenyewe na anahitaji uangalifu zaidi.

Mwenye ualbino yuko katika hali nyingine kabisa. Melanini yake ni kidogo mno au haipo, na jua humharibu ngozi tangu utotoni. Kwake yeye losheni hii ni kinga ya uhai, ya kutumiwa kila siku pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu bado wapo wanaoihesabu kuwa kipodozi tu.

Kama unauliza iwapo losheni yenyewe huleta tofauti, kuna jibu kutoka Nambour, mji wa jimbo la Queensland, Australia. Kuanzia mwaka 1992 watu 1,621 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wapake losheni kila siku kichwani, shingoni na mikononi, wengine waendelee na mazoea yao. Baada ya miaka minne na nusu, saratani za seli bapa, aina mojawapo ya saratani ya ngozi, zilikuwa pungufu kwa karibu 40% katika kundi la kwanza. Katika ufuatiliaji uliochapishwa 2011, waliougua melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi, walikuwa 11 katika kundi hilo na 22 katika lile jingine.

Hatua ya 2: Elewa losheni inafanyaje kazi

Ndani ya chupa kuna vichujio, yaani viambato vinavyozuia mionzi isifike kwenye ngozi. Vipo vya kikaboni, kama avobenzoni, oktokrileni na oksibenzoni, na vipo vya madini, ambavyo ni viwili tu: oksidi ya zinki na dioksidi ya titani.

Utasikia mara nyingi kwamba vya madini hurudisha miale kama kioo na vya kikaboni huimeza. Si hivyo. Vipimo vimeonyesha kwamba madini hayo hurudisha au kutawanya takriban 5% tu ya urujuanimno. Sehemu kubwa ya kazi yake, kama ya vile vingine, ni kuumeza. Molekuli hupokea nishati ya mwale, husisimka, kisha huitoa nishati hiyo kama joto kidogo ambalo hulisikii.

Tofauti inayokuhusu ni nyingine. Madini huacha weupe juu ya ngozi nyeusi, lakini huwakera watu wachache zaidi, kwa hiyo yanafaa kwa ngozi inayowashwa kirahisi na kwa watoto. Vya kikaboni havionekani, ila baadhi huchokonoa macho, na avobenzoni huvunjika juani isipochanganywa na kitu cha kuiimarisha, kama oktokrileni. Kwa mwenye madoa au melasma, tafuta losheni yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutoka kwenye oksidi za chuma, na hizo huzuia pia sehemu ya mwanga unaoonekana, jambo ambalo losheni isiyo na rangi hailiwezi. Bahati nzuri ni kwamba rangi hiyohiyo huondoa tatizo la weupe.

Hatua ya 3: Fuatilia namba ilivyopatikana

SPF hupimwa juu ya migongo ya watu. Utaratibu unaotumika sehemu nyingi za dunia ni kiwango namba 24444 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, kilichotolewa 2010 na kufanyiwa marekebisho 2019. Wanahitajika watu wasiopungua 10 waliokubali. Fundi huchora eneo la angalau sentimita za mraba 30 kati ya mabega na kiuno. Hupima losheni kwenye mizani, miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, yaani miligramu 60 kwa eneo hilo dogo, kisha huitandaza kwa kidole mpaka ienee sawasawa. Husubiri dakika 15 hadi 30 ikae. Halafu taa inayoiga jua hupiga vidoa kadhaa vya ngozi, kila kidoa kikipewa dozi kubwa kidogo kuliko kilichotangulia. Pembeni, ngozi isiyopakwa kitu nayo hupigwa kwa dozi ndogondogo.

Baada ya saa 16 hadi 24 mtaalamu hurudi kutazama. Anatafuta dozi ndogo kabisa iliyoacha wekundu unaoonekana wazi, palipopakwa na pasipopakwa. Hugawanya ya kwanza kwa ya pili. Jibu likiwa 30, losheni hiyo kwa mtu huyo ni SPF 30. Wastani wa watu wote ndio unaokwenda kwenye chupa.

Ukishaona kipimo kilivyo, mambo kadhaa yanajieleza yenyewe.

SPF si saa. Wapo wanaozidisha: "Mimi huungua baada ya dakika 10, basi SPF 30 inanipa dakika 300." Kilichopimwa ni dozi ya mionzi, wala si muda, na dozi ya muda wa saa nzima adhuhuri ni kubwa mno kuliko ya muda uleule asubuhi mapema. Tena losheni hufutika kwa jasho, taulo na mikono.

SPF hutazama wekundu, na wekundu ni kazi ya UVB zaidi. Chupa inaweza kuwa na SPF kubwa na UVA ikapita kwa wingi. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili cha UVA. Hufanywa kwenye sahani za plastiki zilizokwaruzwa, losheni ikitandazwa juu yake na kupimwa kwa mashine kabla na baada ya kupigwa mwanga.

Na wanaopimwa lazima wawe na ngozi ya rangi nyepesi, kwa sababu wekundu juu ya ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Kiwango chenyewe kinaeleza wepesi wa rangi ya ngozi inayokubalika. Namba hiyo inatufaa nasi kwa kuwa tabaka la losheni huchuja mionzi vilevile juu ya ngozi yoyote. Lakini haisemi chochote kuhusu madoa, ambayo kwa wengi wetu ndiyo hasara ya kwanza ya jua. Naona ni upungufu unaostahili kusemwa waziwazi.

Kuna pia ule mjadala wa 30 na 50. Husemwa kwamba SPF 30 huzuia 97% na SPF 50 huzuia 98%, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Hesabu kile kinachopita badala ya kinachozuiwa: sehemu 1 ya 30 ni 3.3%, sehemu 1 ya 50 ni 2%. Ngozi iliyo chini ya 50 inapata mionzi pungufu kwa asilimia 40. Kwa anayekaa juani kutwa, hiyo si tofauti ndogo.

Mwishoni mwa 2024 ISO ilitoa viwango viwili vipya, 23675 na 23698. Cha kwanza hupima SPF bila kumuunguza mtu yeyote. Cha pili bado hutumia ngozi ya watu, lakini husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi badala ya kusubiri iwe nyekundu. Ni hatua njema, kwani si jambo dogo kumuunguza mtu ili kupima losheni.

Hatua ya 4: Soma lebo ukijua imetoka kwa sheria gani

Losheni ileile husimamiwa kwa namna tofauti kulingana na nchi. Marekani huihesabu kuwa dawa, chini ya FDA, mamlaka yake ya chakula na dawa. Umoja wa Ulaya huihesabu kuwa kipodozi, chini ya Kanuni namba 1223/2009, ambayo ina orodha ya vichujio vinavyoruhusiwa na viwango vya juu vya kila kimoja. Orodha ya Ulaya ni ndefu kuliko ya Marekani. Australia huziweka losheni nyingi katika kundi la bidhaa za tiba, na zile zilizosajiliwa hivyo huwa na namba inayoanza na AUST L.

Kwa hiyo tafuta yafuatayo kwenye chupa:

- Kinga ya UVA. Bidhaa ya Ulaya huonyesha herufi UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA ni angalau theluthi ya SPF. Ya Marekani huandikwa "broad spectrum". Ya Japani huwa na PA na alama za kujumlisha, kuanzia moja hadi nne, na nne ndiyo ya juu. Pasipo alama yoyote kati ya hizi, iache.
- SPF 30 au zaidi. Ulaya, 50+ huandikwa tu pale kipimo kilipofika 60 au zaidi.
- Kinga ya maji, kama utaogelea au utatoka jasho. Marekani huruhusu kuandika dakika 40 au 80 tu, kulingana na muda ambao aliyepakwa alikaa majini katika kipimo. Tangu kanuni za 2011, maneno yanayodai kwamba losheni haipitishi maji kabisa yamepigwa marufuku huko, kwa kuwa hakuna losheni ya namna hiyo.
- Tarehe ya mwisho wa matumizi, au mchoro wa kopo lililo wazi wenye idadi ya miezi ya kutumia baada ya kufungua.

Sheria peke yake haitoshi bila ukaguzi. Juni 2025 shirika la kutetea walaji la CHOICE la Australia lilitoa matokeo ya kupima losheni 20 za sokoni, na 16 hazikufikia SPF iliyoandikwa. Moja iliyodai 50+ ilitoa 4. Baadaye baadhi ziliondolewa sokoni. Hilo lilitokea katika mojawapo ya nchi zenye usimamizi mkali kuliko zote, kwa hiyo chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe haistahili hela yako.

Kuhusu usalama: mwaka 2019 watafiti wa FDA waliwapaka watu 24 losheni mara 4 kwa siku kwa siku 4, juu ya robo tatu ya mwili, wakakuta vichujio vya kikaboni vimeingia kwenye damu kwa kiasi kinachozidi kikomo ambacho kikipitwa FDA hudai uchunguzi zaidi. Kuingia kwenye damu hakumaanishi kudhuru, na FDA yenyewe haikuwaambia watu waache kupaka. Mwaka huohuo ilipendekeza oksidi ya zinki na dioksidi ya titani zitambuliwe kuwa salama, na ikataka takwimu zaidi kwa vichujio 12. Ulaya imepunguza oksibenzoni hadi 2.2% kwenye losheni za mwili. Hawaii imezuia uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati, kichujio kingine cha kikaboni, tangu Januari 2021 ili kuyalinda matumbawe ya baharini. Mwenye wasiwasi achague ya madini, hapotezi kitu.

Hatua ya 5: Paka kiasi cha maabara

Hapa ndipo kinga inapopotea. Tafiti za matumizi ya kawaida zinaonyesha watu hupaka kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa sentimita ya mraba, yaani robo hadi nusu ya kiasi cha kipimo. Ukipaka nusu, SPF 30 hushuka hadi karibu 15, pengine chini zaidi. Losheni ni kama rangi ya ukuta: ukiibana, ukuta wa chini unaonekana.

Tumia kijiko cha chai chenye mililita 5 kwa mara ya kwanza, ili mkono uzoee kiasi hicho:

- uso, shingo na masikio: kijiko 1
- kila mkono: kijiko 1
- kila mguu: kijiko 1
- kifua na tumbo: kijiko 1
- mgongo: kijiko 1

Jumla ni vijiko 7, mililita 35. Utaona ni nyingi, na usoni hasa itaonekana kupita kiasi. Igawe mara mbili: paka nusu, subiri dakika moja, paka iliyobaki. Usisugue mpaka ipotee, itandaze. Usisahau juu ya masikio, kisogo, mstari wa nywele, kope za juu, nyuma ya magoti na juu ya nyayo. Midomo ina losheni yake.

Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, na kabla ya kujipodoa. Poda yenye SPF 15 juu ya losheni ya 30 haifanyi 45. Ya kupuliza ni ngumu kukadiria. Nyunyizia kiganjani kwanza, kisha paka, na usiivute puani.

Jipime kwa chupa. Anayepaka uso, shingo na masikio mara moja kwa siku kwa kiasi hiki humaliza mililita 50 ndani ya siku 10. Ikiwa chupa kama hiyo inakufikisha miezi mitatu, umepata jibu.

Mafuta ya nazi, ya karoti au mchanganyiko wa nyumbani hayachukui nafasi ya losheni. Hata ukinunua unga wa zinki na kuukoroga ndani ya mafuta, chembe zake hushikana mabongemabonge na kuacha mianya usiyoiona.

Hatua ya 6: Rudia, na ujue siku ya kujikinga

Paka tena kila baada ya saa 2 ukiwa nje, na mara tu baada ya kuogelea au kujifuta kwa taulo, hata kama chupa imeandikwa dakika 80.

Kuhusu siku ipi, tazama kiashiria cha UV, ambacho programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu hukionyesha. Kikifika 3, jikinge. Joto si kipimo, na mawingu mepesi hupitisha hadi 80% ya urujuanimno. Mlimani mionzi huongezeka kwa takriban 10% kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha karibu 15%, kwa hiyo hata chini ya mwavuli unafikiwa kutoka upande.

Kivuli, kofia pana na nguo iliyofumwa vizuri ndivyo vya kwanza. Losheni ni ya sehemu ambazo nguo haifiki. Mtoto wa chini ya miezi 6 akae kivulini na avikwe nguo; usimpake mwili mzima bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Hatua ya 7: Itunze chupa

Joto huvunja mchanganyiko. Usiiache garini wala juu ya mchanga. Ifunge kwenye kitambaa au iweke kivulini. Andika tarehe uliyoifungua kwa kalamu ya wino kwenye kitako cha chupa. Ikitoa maji pembeni na sehemu nzito ikabaki chini, ikibadilika rangi, ikinuka tofauti au ikawa na chengachenga, vichujio havijasambaa tena sawasawa. Kuitikisa hakuirudishi, itupe.